Nani alilipa nauli ya mahindi ya Ufipa?

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Sumbawanga kwa ajili ya msiba. Jioni moja mpwa wangu, binti wa miaka 26, alinijia na simu yake mkononi. Binti huyu ana duka, lakini duka lenyewe halina mlango wala meza. Ni duka la mtandaoni. Anauza maharage, karanga na unga wa ulezi. Anapiga picha, anaiweka kwenye simu, mteja wa Dar es Salaam au Mwanza anatuma fedha kwa simu hiyohiyo, na mzigo unapanda basi alfajiri.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Nisaidie jambo moja. Niweke bei moja kwa wote, nauli iwe juu yangu? Au kila mtu alipe bei ya hapa Sumbawanga, kisha nauli ajitegemee?"

Nikacheka. Si kwa kumdharau, la hasha. Swali analoliona jipya liliwahi kuulizwa na Serikali nzima, na jibu lililotolewa ndilo lililogeuza uwanda huu wa Ufipa kuwa nchi ya mahindi, kabla hata mama yake hajazaliwa.

Wazee wetu hawakuwa watu wa mahindi. Walikuwa watu wa ulezi, wakilima kwa matuta ya duara yaliyofukiwa majani yaoze yawe mbolea. Mahindi yalikuwepo, lakini ya kula na ya kuchoma. Ungemuuzia nani? Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na kipande cha kwanza, cha kufika Tunduma, kilikuwa udongo mtupu. Gunia likifika sokoni, nauli imekwisha kulila.

Ikaja njaa ya miaka ya 1973 hadi 1975. Taifa likatumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka ng'ambo. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa katika kipindi hichohicho, mwaka 1974. Serikali ikaamua kwamba mahindi yatanunuliwa kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Laela na mkulima wa Morogoro wangelipwa sawasawa kwa kilo, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lingebeba nauli. Mbolea nayo ikaletwa kwa bei moja, tena yenye ruzuku.

Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia habari hiyo kama mtu asimuliaye harusi yake. Alilima heka mbili za ulezi, akaongeza mahindi, mwishowe ulezi ukabaki wa pombe na wa sherehe. Mabati ya nyumba niliyokulia yalitokana na bei hiyo, na ada yangu ya shule pia. Kwa hiyo nikisema habari ya bei moja, msomaji ajue kwamba nasema juu ya kitu kilichonilea.

Rukwa, Mbeya, Iringa na Ruvuma zikawa ghala la Taifa. Mikoa minne iliyo mbali na Dar es Salaam ndiyo ikawa inailisha Dar es Salaam! Wataalamu wengi wa uchumi walilicheka jambo hilo. Mimi sicheki, kwa maana bila bei ile sijui nani angekuja Ufipa kutujengea maghala.

Lakini nauli haikufutika kwa kuwa haikuandikwa. Hapo ndipo nilipomwomba binti kalamu na karatasi. Tuseme, kwa mfano tu, gunia mjini linauzwa shilingi 100. Nauli ya kutoka Morogoro ni 10, ya kutoka Sumbawanga ni 60. Kwa bei ya kila mahali na nauli yake, wa Morogoro anabaki na 90, wa Sumbawanga na 40. Sasa weka bei moja, 65. Gunia moja la huku na moja la kule: shirika limelipa 130 kwa wakulima na 70 kwa nauli, limeuza kwa 200. Halina faida, halina hasara.

"Basi vizuri," akasema binti.

Vizuri, iwapo wa Morogoro atakubali. Ila naye ana macho. Anajua mjini kuna 90 yake. Anapakia usiku, anauza kwa magendo. Shirika linabaki na gunia la Sumbawanga peke yake: 65 kwa mkulima, 60 kwa nauli, jumla 125, na linauzwa 100.

Ndivyo ilivyokwenda. Waliokuwa karibu na soko waliliacha shirika, waliokuwa mbali wakalikimbilia. Kadiri sisi wa Rukwa tulivyolima kwa bidii, ndivyo NMC ilivyozidi kuzama. Sembe nayo ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya ruzuku hadi mwaka 1984. Deni la shirika benki likafika mabilioni ya shilingi. Mwaka 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa vikaondolewa, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 bei moja ilikuwa imekwisha na ruzuku ya mbolea imekwenda nayo.

Wakaja wafanyabiashara binafsi na malori yao. Hao hawakutangaza bei nchi nzima. Walipanga bei mwezi Juni na Julai, mkulima ana mahindi mengi na ada haijalipwa. Bei ikionekana nzuri, wakaongeza kipimo: gunia likashonewa kilemba juu, lumbesa, mkulima akauza gunia na kitu kwa bei ya gunia. Mtu anaweza kukupunja bila kugusa bei hata senti.

Serikali ilirudi kwa namna nyingine. Tangu mwaka 2008 kuna Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ununuao kwa mizani na kwa bei iliyotangazwa, ingawa hauwezi kununua yote. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 223 na ushei, ilijengwa miaka ya 2010 kwa msaada wa Marekani. Kwa maoni yangu lami hiyo imemsaidia mkulima wa Ufipa kuliko matangazo mengi ya bei, kwa sababu imeipunguza nauli yenyewe badala ya kuificha.

Binti alikaa kimya akiitazama ile karatasi.

"Kwa hiyo nikiweka bei moja," akasema, "wa Mbeya wataniona ghali wanikimbie, nibaki na wa Mwanza."

"Ambao nauli yao ndiyo kubwa."

"Na mimi sina benki ya kunikopesha mabilioni."

Akachukua simu, akaandika bei ya Sumbawanga kwa kilo, na chini yake nauli ya kila mji kwa mstari wake. Unga wa ulezi pekee aliuacha kwenye bei moja. Nilipomuuliza kwa nini, akasema pakiti ni nyepesi, na wanaouagiza wengi ni akina mama wenye watoto wachanga.

Kisha akaniuliza kama ninajua mahali pa kununua mizani nzuri.