SOMO LA HISTORIA: HAKIMU NA KIBOKO

Somo letu la leo lahusu hukumu za makosa katika Tanzania Bara, tangu wakati wa Wadachi mpaka sasa. Shikeni penseli, maana iko miaka ya kuandika. Tutafuata mambo mawili: nani alihukumu, na mkosaji alipewa adhabu gani.

Wakati wa Wadachi, bwana mkubwa wa boma ndiye aliyetawala, na ndiye aliyehukumu. Chini yake walikuwako maliwali, maakida na majumbe. Adhabu iliyoogopwa ilikuwa kiboko. Amri ya mwaka 1896 ilikataza kumpiga mtu zaidi ya viboko 25 kwa mara moja. Ndipo watu wakaiita adhabu hiyo "hamsa ishirini".

Wakaja Waingereza. Mwaka 1929 walitunga sheria ya mabaraza ya wenyeji. Chifu aliyetoza kodi ndiye aliyekaa barazani kuhukumu. Rufani yake haikwenda Mahakama Kuu, bali kwa mabwana wa serikali, mpaka kwa Gavana. Sasa fikiri, ndugu: ukigombana na mtawala wako, utamshitaki kwa nani? Kesi ya nyani, hakimu ngedere!

Tulipopata uhuru, mambo yaligeuka. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, ikatungwa sheria mpya ya mahakama, iliyoanza kazi mwaka 1964. Mahakama zote zikawa kama ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Mwaka 1979 ikaongezwa Mahakama ya Rufani juu yake. Mtawala akawekwa mbali, hakimu akawekwa mbali.

Lakini kiboko hakikuondoka. Mwaka huo huo wa 1963, serikali ilitaka kukomesha wizi na rushwa. Ikaweka adhabu ambayo hakimu hakuruhusiwa kushuka chini yake: kifungo cha miaka 2 na viboko 24. Mfungwa alipigwa 12 alipoingia gerezani, na 12 alipotoka, akirudi kwa watoto wake. Mwaka 1972 viboko hivyo vilifutwa. Mwaka 1989 vikarudishwa. Kisha mwaka 2002 ikatungwa sheria nyingine: mwenye kosa dogo aweza kufanya kazi ya jamii bila malipo, akalala nyumbani kwake.

Mwaona nini hapa? Adhabu imekwenda na kurudi. Kama kiboko peke yake kingemaliza wizi, kingeumaliza tangu wakati wa Wadachi. Lakini ile ngazi ya mahakama imesimama tangu mwaka 1964, na faida yake ni kwa kila raia. Ukihukumiwa katika Mahakama ya Mwanzo na hukuridhika, waweza kukata rufani Mahakama ya Wilaya katika siku 30. Asiyejua kusoma huhesabiwa siku na mtu mwingine. Wewe umejifunza kusoma: omba nakala ya hukumu, isome, uandike tarehe.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini si vema mtawala awe hakimu?
2. Mfungwa apigwaye siku ya kutoka, hurudi kijijini na moyo gani?
3. Hukumu imetolewa tarehe 3 Juni. Siku 30 zitakwisha lini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.