Anwani ya Mzee Seremala

Leo naweka programu kando nizungumzie historia kidogo, tena historia inayonihusu.

Mwaka 2006 mzee mmoja seremala, aliyeuza vitanda na makabati kando ya barabara ya Ngong, Nairobi, aliniomba nimtengenezee tovuti. "Kijana wangu, nataka hata mtu wa Mombasa aione kazi yangu," akaniambia.

Siku hizo adui yetu alikuwa uzito wa picha. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ilihitaji kama sekunde 100 kupakua picha moja ya kilobaiti 700, hata laini ikiwa nzuri kabisa. Na kwenye saiba mteja alilipa kwa dakika! Basi nikazipunguza picha zote hadi kilobaiti 30, nikajiona fundi kweli kweli.

Nisichokifikiria ni anwani. Jina la .co.ke lililipiwa kila mwaka, kwa hiyo nikamweka mzee kwenye huduma ya bure ya ng'ambo. Naye akaichapisha anwani ile ndefu kwenye risiti zake zote na kuipaka ubavuni mwa mkokoteni.

Wenye kufanya hivyo tulikuwa wengi. GeoCities, iliyoanza 1994, iliwapa mamilioni ya watu kurasa za bure. Yahoo iliinunua 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga, ikaacha tawi la Japani tu, ambalo nalo lilifungwa 2019. Sasa tazama mwaka huo wa 2009: Julai, kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Mombasa, baada ya miaka mingi ya kutegemea setilaiti. Mzigo wa picha ulianza kuwa mwepesi mwaka ule ule ambao kurasa nyingi za bure zilitoweka.

Huduma ya mzee wangu nayo ilifungwa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa risiti hizi nizipeleke wapi?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo, mwenye duka akinijia, kabla sijachora chochote tunasajili jina kwanza, tena kwa jina lake, si langu. Kibanda cha kupanga utahamishwa tu. Jina likiwa lako, unahama nalo.

Kwa leo ni hayo. Tukutane tena.