Karakana za Kabras: Wakereza Vyuma katika Nchi ya Miwa

Historia ya sukari katika Kabras, eneo la Waluhya wa jamii ya Wakabras lililoko kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kupitia Malava kuelekea Webuye, kwa kawaida husimuliwa kwa kumfuata mkulima anayesubiri malipo ya miwa yake, au mwenye kiwanda anayeigombea miwa hiyo na wenzake. Makala haya yanamfuata mtu wa tatu, ambaye vitabu vimemsahau: mkereza vyuma, yaani fundi anayefunga kipande cha chuma kwenye mashine inayokizungusha ili akichonge kwa kisu kigumu hadi kitimie kipimo, pamoja na mwenzake mtengeneza zana, ambaye huunda visu hivyo, vigezo vya kupimia na vishikizo wanavyotumia mafundi wengine. Mara nyingi kazi hizo mbili hufanywa na mtu mmoja, na hakuna kinu cha miwa kinachoweza kudumu misimu miwili bila yeye.

Ufundi wa chuma haukuletwa magharibi mwa Kenya na viwanda. Muda mrefu kabla ya utawala wa Waingereza, wahunzi wa milima ya Samia, karibu na Ziwa Viktoria, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, na majembe yao yalisafiri mbali, yakibadilishwa kwa mifugo na nafaka na hata kutolewa mahari. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoanza kuuzwa kwa bei nafuu mwanzoni mwa karne ya 20, uyeyushaji ulififia, lakini uhunzi wenyewe haukufa. Ulibaki katika kunoa, kukunja na kuunga vyuma vilivyokwisha kutengenezwa kwingine. Plau za kukokotwa na ng'ombe zilipoenea katika mashamba ya mahindi ya kaskazini mwa wilaya iliyoitwa wakati huo North Kavirondo, Kabras ikiwemo, kazi hiyo iliongezeka, kwa kuwa ncha ya plau huliwa na udongo na haina budi kutengenezwa tena.

Kati ya uhunzi huo na ukerezaji kuna tofauti kubwa, nayo ni tofauti ya kipimo. Mhunzi hufanya kazi kwa jicho na nyundo, na jembe lake likizidi unene wa ukucha halimdhuru mtu. Mkereza hufanya kazi kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene hadi sehemu ya mia ya milimita, na shafti yake ikizidi kidogo tu haiingii kwenye beringi, au ikiingia huunguza beringi hiyo kwa msuguano. Nidhamu ya namna hiyo hujifunzwa mahali penye mashine na penye mtu wa kuisimamia, na katika enzi ya ukoloni mahali pa aina hiyo palikuwa pachache. Wamisionari wa Kikwekari kutoka Marekani, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakawa na kituo Malava pia, walianza kama misheni ya viwanda, na kiwanda chao cha kupasua mbao kilikuwa miongoni mwa shule za kwanza za mitambo katika wilaya hiyo. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, migodi ilihitaji pampu, winchi na vinu vya kupondea mawe, na mgodi mkubwa kuliko yote, Rosterman, uliendelea hadi mwaka 1952. Serikali nayo ilikuwa imefungua chuo cha ufundi cha Waafrika huko Kabete mwaka 1924, na Sigalagala, kusini mwa mji wa Kakamega, ikapata shule yake ya ufundi mnamo miaka ya 1950. Hata hivyo, karakana za reli za Nairobi ndizo zilizokuwa na mashine nyingi zaidi, na humo ngazi ya kazi ilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu msimamizi, Mhindi fundi, Mwafrika msaidizi. Mwafrika aliweza kuishika mashine kwa miaka mingi, akaijua kuliko bwana wake, na bado akalipwa mshahara wa msaidizi. Huo ulikuwa wizi wa maarifa, na haufai kupewa jina laini zaidi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mpango huo ulivunjwa, na katika muda wa miaka kumi na mitano hivi ukanda wa magharibi ulijaa viwanda ambavyo kila kimoja kilihitaji karakana yake. Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyosimamiwa na kampuni ya Kiingereza ya Booker McConnell, ilianza kusaga miwa mwaka 1973. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi Webuye mwaka uliofuata. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kikaanza mwaka 1978. Kwa kijana wa Kabras aliyekuwa na kichwa cha hesabu, viwanda hivyo vitatu vyote vilikuwa safari ya siku moja au pungufu, na kwa mara ya kwanza iliwezekana kuwa fundi wa kiwanda bila kuhamia Nairobi.

Kiwanda cha Kabras kwenyewe, West Kenya Sugar, kilifuata mwaka 1981, na namna kilivyoanza ina uzito mkubwa katika historia ya mafundi. Viwanda vikubwa huchemsha maji ya miwa ndani ya matangi yaliyozibwa na kuondolewa hewa, ili maji hayo yachemke kwa joto dogo na sukari isiungue. West Kenya ilianza kwa utaratibu mdogo uliotoka India, ambapo maji ya miwa husafishwa kwa chokaa na moshi wa salfa, kisha huchemshwa katika karai za wazi juu ya tanuri linalochochewa kwa makapi ya miwa yenyewe. Utaratibu huo hupoteza sukari nyingi zaidi, lakini mitambo yake ni myepesi, na sehemu zake nyingi zinaweza kutengenezwa au kukarabatiwa katika karakana ya kawaida. Kwa sababu hiyo wataalamu waliotetea teknolojia ya kadiri waliufuatilia kwa makini katika miaka ya 1980, wakijaribu kuuboresha. Baadaye kampuni ilihamia mitambo mikubwa ya kawaida. Inaelekea kwamba kiwanda kilichoanza kidogo, mahali ambapo fundi hulazimika kubuni kipuri badala ya kukiagiza, kilikuwa shule bora kuliko kile kilicholetwa kizima ndani ya makasha.

Safari ya fundi katika karakana hizo ilikuwa na hatua zinazojulikana. Aliingia akiwa mwanagenzi, ama kwa mkataba uliowekwa chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya mwaka 1959, ama kwa kupokelewa tu kama kibarua na kuachwa ajifunze kwa kutazama. Miezi ya kwanza ilikuwa ya tupa na jiriwa: kusawazisha kipande cha chuma kwa mkono hadi pembe zake zote zitimie. Kisha alipewa mashine ya kutoboa, halafu lethi, kama mashine ya kukereza inavyoitwa karakanani, na mwishowe mashine ya kuchonga gia. Serikali ilimpima kwa mitihani ya ufundi ya daraja tatu, ya tatu ikiwa ya chini na ya kwanza ya juu, na aliyefika daraja la kwanza aliweza kutumaini kuwa msimamizi wa zamu.

Kipimo cha kweli cha ufundi wake, hata hivyo, kilikuwa rola. Kinu cha miwa kina rola tatu zilizopangwa kwa pembetatu, kila moja ikiwa na ganda la chuma cha kalibu lililobanwa kwa nguvu kwenye mhimili wa feleji, na juu ya ganda hilo huchongwa mifereji yenye umbo la V ili meno ya rola moja yaingie katika mifereji ya nyingine. Miwa huja na mchanga, na mchanga huyala meno. Msimu wa kusaga unapoendelea, mchomeleaji huongeza matone ya chuma kigumu juu ya meno huku rola ikizunguka na maji ya miwa yakitiririka, ili meno yaendelee kuung'ata muwa. Kiwanda kinapofungwa kwa matengenezo, rola hung'olewa kwa winchi na kupandishwa kwenye lethi kubwa, ambayo huizungusha polepole sana. Hapo mkereza hukata mifereji upya kwa kisu alichokinoa mwenyewe kwenye jiwe, akikilinganisha na kigezo cha bati la feleji alichokichonga yeye au mwalimu wake. Chuma cha kalibu hakitoi nyuzi zinazojikunja kama feleji. Hutoa unga mweusi unaoingia puani na kwenye mistari ya viganja. Pembe ya kisu ikikosewa, meno hayatakutana sawasawa, maji yatabaki kwenye makapi, na kosa la mtu mmoja karakanani litapunguza sukari ya msimu mzima. Kila ukerezaji pia hupunguza unene wa ganda, kwa hiyo fundi mzuri hukata kidogo iwezekanavyo, na uchumi huo wa chuma hautangazwi popote katika hesabu za kampuni.

Nje ya lango la kiwanda ufundi huo ulipata maisha ya pili. Wasagaji wadogo wa sukari nguru, wenye vinu vya rola tatu vinavyoendeshwa kwa injini za dizeli, walihitaji gia, puli na shafti kwa bei wanayoimudu, na vivyo hivyo wenye mashine za kusaga mahindi. Pan Paper ilipofungwa mwaka 2009, na Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 baada ya miaka ya madeni, mafundi waliopoteza kazi walibaki na ujuzi usio na karakana. Kabras yenyewe, kinyume na majirani zake, iliongeza viwanda: Butali Sugar Mills ilianza kusaga mwaka 2011, na mwaka 2025 serikali ilikodisha Nzoia kwa West Kenya. Miwa inagombewa mahakamani na barabarani, wakati mafundi wazee wanastaafu bila yeyote kuwagombea.

Kila mwajiri nchini Kenya hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, na Kabras ina chuo chake cha ufundi cha Shamberere. Fedha na majengo, basi, si vitu vya kutafutwa mbali. Kinachokosekana ni mwanagenzi kusimama miaka mitatu au minne kando ya fundi aliyekwisha kukereza rola, na hilo haliwezi kutolewa na darasa peke yake, wala na mashine zinazoongozwa na kompyuta, ambazo bado zinamhitaji mtu anayejua kwa nini kisu kinatetemeka. Viwanda vya Kabras na serikali ya kaunti vinapaswa kuwapa mafundi hao wanafunzi na malipo ya ualimu wakati wangali na nguvu, na kuvitunza vigezo vyao vya bati na michoro yao ya penseli, ambavyo hadi leo hutupwa pamoja na vyuma chakavu.