Ekseli ifaayo mkokoteni
MIKOKOTENI mingi ya Nairobi hukalia ekseli ya gari kuukuu, na hiyo ndiyo huamua iwapo mvutaji atalala na mgongo mzima. Katika vichochoro vya Mukuru kwa Njenga, Embakasi Kusini, palipo matope na mawe, ekseli yenye difu haifai: ni nzito, na tumbo lake hukwama. Afadhali ya nyuma ya gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, mradi iwe na chuma kimoja kinachoyaunganisha magurudumu yote mawili.

Kabla ya kulipa, iinue, uzungushe gurudumu. Likiyumba, huenda ekseli imepinda au rimu imeharibika. Likikwaruza, shuku beringi. Ifungwe karibu na katikati, mzigo uelemee mbele kidogo, usije ukamnyanyua mvutaji mlimani.