Kangaga tambazi

Kangaga tambazi (jina la kisayansi: *Microsorum scolopendria*) ni mmea usiotoa maua wa familia ya Polypodiaceae. Hutambaa juu ya magome ya miti, kwenye mawe na hata ardhini penye mboji. Makao yake ya asili ni Afrika ya kitropiki, ikiwemo Afrika ya Mashariki, Madagaska na visiwa vya Bahari ya Hindi, hadi Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki.

Jina

Mholanzi Nicolaas Laurens Burman alilieleza kangaga hili mwaka 1768 na kuliweka katika jenasi ya *Polypodium*. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Bingham Copeland alilihamishia *Microsorum*. Baadhi ya vitabu huliita *Phymatosorus scolopendria*. *Scolopendria* hutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tandu.

Maumbile

Rizomu, yaani shina tambazi, hunata kwenye gome kwa vijizizi vingi, nayo imefunikwa na magamba meusimeusi. Majani husimama moja moja, yakiachana. Jani changa huwa zima. Lililokomaa hukatika kwa kina na kuwa na ncha kama vidole. Likigeuzwa, chini huonekana madoa ya mviringo ya rangi ya kahawia, yaliyopangika kando ya mshipa mkuu. Kila doa limekaa ndani ya kishimo, hivyo ukipapasa upande wa juu unagusa vinundu. Jani likizeeka hupukutika na kuacha kovu juu ya rizomu.

Uzazi

Madoa hayo ni mikusanyiko ya vifuko vya spora. Kifuko kikikauka hupasuka na kurusha spora, upepo ukazichukua. Spora ikitua penye unyevu huota kijimea chembamba cha kijani. Mbegu za kiume za kijimea hicho huogelea katika tone la maji kulifikia yai, ndiyo maana kangaga haliwezi kuzaana hivi pasipo unyevu. Rizomu iliyokatika pia huchipua.

Uhusiano na mti

Wengi hulibandua wakidhani linanyonya mti. Si kimelea. Mizizi yake haiingii ndani ya mti. Hunywa mvua inayotiririka kwenye gome na kula mboji iliyonasa katika nyufa. Mchikichi hulifaa sana, kwa kuwa vikonyo vya makuti ya zamani hubaki shinani na kukusanya vumbi na majani makavu. Mti hulipatia mahali pa kukaa tu, na mti wenye kangaga hauna sababu ya kusafishwa.

Matumizi

Majani yana kumarini, kemikali yenye harufu tamu. Huko Tahiti kangaga hili huitwa *metuapuaa*, na hutumika katika dawa za kienyeji. Hawaii, ambako lililetwa na watu, huitwa *lauae* na husukwa katika mashada ya kuvaa. Bustanini, kipande cha rizomu hufungwa kwenye gome lenye kivuli bila kufukiwa, kwani kikizikwa chini sana huoza.