Uungwana: Kutoka Kasongo hadi Uwanja wa Mashindano

Katika lugha ya wanamichezo wa Afrika Mashariki, mchezo wa haki huitwa mchezo wa kiungwana. Neno hilo lina historia nzito kusini mwa Maniema. Huko pwani, muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Lakini Kasongo na Kabambare, enzi za Tippu Tip, jina la waungwana lilipewa pia wenyeji waliofuata misafara, hata baadhi ya waliotekwa, mradi wameshika Kiswahili, mavazi na adabu za pwani. Ndipo lugha yao ikaitwa Kingwana. Mwezi wa Aprili 1893 majeshi ya Dhanis yaliiteka Kasongo. Utawala ule ukaanguka, jina likabaki.

Hivyo uungwana uliacha kuwa nasaba tu, ukawa mwenendo. Hata hivyo, baadhi ya waungwana hao waliteka wenzao: adabu yao iliishia mpakani mwa kundi lao.

Hapo ndipo penye funzo kwa wanafunzi wanaoshindana kwa roboti. Katika shirika la FIRST, lililoanzishwa Marekani mwaka 1989, Profesa Woodie Flowers alisisitiza kushindana vikali huku watu wakiheshimiana. Katika mashindano ya FIRST Global, Washington, 2017, timu za nchi mbalimbali ziliunganishwa katika kambi, hata mpinzani wa mechi moja aweze kuwa mshirika wa mechi nyingine. Ubishi juu ya kanuni humalizwa na mwamuzi. Lakini hakuna kanuni imlazimishayo mtu kumwazima mpinzani kifaa. Hilo ni la uungwana, nao hupimwa kwa jinsi anavyotendewa aliye kambi ya pili.