Kijiti Cheusi cha Redio

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache juu ya historia ya sayansi. Mimi ni mtumishi wa Serikali na kazi yangu ya kila siku ni majalada, kwa hiyo historia ya sayansi yote nawaachia walimu wetu. Nitasimulia habari za kitu kimoja tu: kile kijiti cheusi kilichomo ndani ya redio za masafa ya kati. Nakijua kwa sababu niliwahi kukivunja.

Ilikuwa Desemba 1995. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Kwanza hapa Kibaha, nikarudi nyumbani Maneromango, Wilaya ya Kisarawe, nikijiona mtaalamu. Baba alikuwa na redio ya National, na siku moja alipotoka niliifungua nione sauti inatoka wapi. Kijiti kikaniponyoka, kikaanguka, kikavunjika vipande vitatu kama kigae. Kimoja nilikikanyaga kikawa unga. Nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu, nikanyamaza. Tangu hapo redio ikawa inakoroma tu. Baba alidhani betri zimekwisha, akazianika juani.

Juma lilelile baba mkubwa alifariki Utete. Tangazo lilisomwa na Redio Tanzania Dar es Salaam pamoja na matangazo mengine ya vifo, kama ilivyokuwa desturi. Sisi tulikuwa tumehamia shambani kwa ajili ya kupanda, na jirani wa karibu hakuwa na redio. Habari ilitufikia siku ya nne kwa mdomo wa utingo wa lori. Baba alipofika Utete, matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba betri za siku hizi hazina nguvu.

Sasa nieleze kijiti chenyewe. Mafundi hukiita feraiti. Kazi yake ni kuikusanya sumaku iliyomo katika mawimbi ya redio na kuipitisha katikati ya koili. Habari zake zinaanzia mbali. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alizungushia waya wa shaba pande mbili za pete ya chuma laini. Aliona kwamba akiwasha au kuzima umeme upande mmoja, sindano iliyounganishwa na upande wa pili inatikisika. Pete ile ndiyo babu wa transfoma zote.

Lakini chuma kitupu kina ubaya wake, nacho ni kwamba chenyewe hupitisha umeme. Sumaku inapobadilika upesi, vimikondo vya umeme huzunguka ndani ya chuma na kuimaliza nguvu kwa kukipasha moto bure. Kwa umeme wa majumbani, unaojirudia mara 50 kwa sekunde, dawa yake ni kupanga mabati membamba yaliyotenganishwa kwa vanishi. Mawimbi ya masafa ya kati, kwa upande wake, hujirudia kati ya mara laki 5 hivi na milioni 1.6 kwa sekunde. Hapo hata bati ni nene mno. Mwaka 1921 Wamarekani Buckner Speed na G. W. Elmen walieleza jinsi ya kutumia unga wa chuma ulioshindiliwa, kila chembe ikiwa imetengwa na mwenzake, kwa ajili ya koili za simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mjerumani Hans Vogt alileta unga wa namna hiyo katika koili za redio.

Wajapani Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Tokyo walikwenda mbele zaidi mwaka 1930. Hawakuhangaika na chuma. Walichukua oksaidi yake, yaani kutu, wakaichanganya na oksaidi za metali nyingine na kuichoma tanurini. Kutu haipendi kupitisha umeme, kwa hiyo vile vimikondo havipati njia. Kampuni ya TDK iliundwa mwaka 1935 ili kuuza kitu hicho. Huko Uholanzi J. L. Snoek wa Philips alikiendeleza, na baada ya Vita Kuu ya Pili kikaenea katika redio za dunia nzima, hadi Maneromango.

Hapa naomba wasomaji wa Kisarawe wanisikilize vizuri. Katika miaka ya 1980 Profesa Felix Chami alichimba mahali paitwapo Limbo, akapaandika kuwa katika Wilaya ya Kisarawe. Alikuta mabaki ya ufuaji chuma wa karne za kwanza baada ya Kristo, na mavi ya chuma kwa wingi. Wahunzi wale waliichoma oksaidi ya chuma kwa makaa ili kuiondolea oksijeni wapate chuma safi. Kato na Takei waliichoma oksaidi hiyohiyo, wakataka oksijeni ibaki. Moto wao haukutofautiana sana, maana tanuri zote hizo huvuka nyuzi 1,000. Sisi tulipofundishwa chuma darasani, habari zilianzia Uingereza.

Nilirudi Kibaha Januari 1996 na ile redio ndani ya sanduku, kwa kisingizio cha kuipeleka kwa fundi. Pamoja na wenzangu wawili wa bwenini tulijaribu kwanza msumari wa inchi 6. Redio ikawa bubu kuliko mwanzo, na sasa mnajua kwa nini. Kisha tukachukua tupa na kipande cha nondo, tukasugua jioni kadhaa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Unga tuliuchambua kwa sumaku ya spika mbovu, tukaukoroga katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, tukaumimina ndani ya mrija wa karatasi. Kijiti cha namna hiyo ni dhaifu mno kikilinganishwa na feraiti ya kiwandani, kwa sababu nta iliyo kati ya chembe huizuia sumaku. Ilitubidi tuongeze mizunguko ya waya, tukijaribu na kufumua, kwa majuma mawili. Usiku mmoja, baada ya taa kuzimwa, Redio Tanzania ikasikika kwa mbali, chini ya blanketi. Wenzangu walishangilia, nami nikawaza Utete.

Vijana mtakaojaribu, vaeni miwani mnaposugua chuma, na nta msiiyeyushe juu ya moto wa wazi. Iwekeni ndani ya maji ya moto. Na feraiti ikivunjika vipande vikubwa, iungeni kwa gundi kali bila kuacha pengo. Itafanya kazi karibu kama zamani. Hilo mimi nililijua miaka mingi baadaye.

Redio niliirudisha likizo iliyofuata. Ilisikika usiku tu, tena ikielekezwa Dar es Salaam, lakini matangazo ya vifo yalisikika. Ukweli nilimwambia baba mwaka 2008, nikiwa nimekwisha ajiriwa. Alikaa kimya kitambo kirefu, akiangalia uwanjani. Kisha akaniuliza:

"Kwa hiyo, mwanangu, zile betri nilizozianika zilikuwa nzima?"